Kuandaa na Kuendesha Usaili wa Kazi: Mwongozo kwa Waajiri na Wasailiwa wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa ajili ya wale wanaoajiri mtu mmoja au wawili kwa mwaka na hawana idara ya rasilimali watu: chama cha msingi cha ushirika huko Mbozi, SACCOS ya Makambako, zahanati binafsi ya Tukuyu, shule, ghala la mazao, kiwanda kidogo cha mbao Mafinga. Sehemu ya mwisho inamhusu anayekwenda kusailiwa, lakini ningependa naye asome yote, kwa kuwa anayejua jopo linatafuta nini hujiandaa kwa utulivu zaidi.

Nimekaa kwenye majopo ya usaili Iringa na Mbeya kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni la kumpima mtu kwa ufasaha wa kujieleza hata pale ambapo kazi yenyewe haihitaji msemaji. Nami nimeshiriki kosa hilo. Tulikuwa tukitafuta mtunza ghala. Kijana mmoja alijieleza kwa namna iliyotufurahisha sote, binti aliyemfuata alijibu kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa mezani, na kila alipoulizwa alichowahi kufanya alisema "tulifanya." Tukamchukua kijana. Kabla ya msimu kuisha, leja ilionyesha idadi moja ya magunia na ghalani kulikuwa na nyingine, na hakuweza kutueleza tofauti ilitokea wapi. Hakuwa mwizi. Hakujua kufunga hesabu za siku, na sisi hatukumwuliza, kwa sababu katika maswali yetu yote hapakuwa na hata moja lililogusa leja.

Hatua ya kwanza: iandike kazi kabla ya kuandika maswali

Kaa na mtu anayeifanya kazi hiyo sasa, au aliyeiacha karibuni, umwulize jana alifanya nini tangu alipofungua mlango hadi alipoufunga. Usimwulize majukumu yake ni yapi, maana atakutajia yale yaliyo kwenye mkataba. Mtunza ghala atakuambia kwamba alipokea mahindi, akachoma kipima unyevu kwenye magunia machache, akapima uzito, akaandika leja, akatoa stakabadhi, akawasimamia wabebaji wapange magunia juu ya chaga na kuacha nafasi ukutani, kisha jioni akalinganisha leja na magunia. Katika orodha hiyo chagua mambo manne au matano ambayo yakikosewa kazi nzima inaharibika. Hayo ndiyo utakayoyapima, na sifa yoyote isiyohusiana nayo iondoe kwenye tangazo. Ukitaka shahada kwa kazi ambayo mwenye cheti aliyefanya kazi misimu mitatu anaiweza, utawafungia mlango watu uliokuwa unawahitaji.

Jambo jingine la kuamua hapa ni lugha. Usaili ufanyike kwa lugha ya kazi. Kama mtu atazungumza na wakulima, wagonjwa au madereva kwa Kiswahili siku nzima, hakuna sababu ya kumsaili kwa Kiingereza, na nimeshuhudia watu wenye ujuzi mkubwa wakigeuka mabubu kwa sababu tu mwenyekiti wa jopo alitaka kuonekana msomi. Ikiwa kazi inahitaji kuandika barua pepe kwa wanunuzi wa kahawa au parachichi walio nje ya nchi, basi mpe barua moja aiandike kwa Kiingereza, uipe alama zake peke yake, na mazungumzo mengine yaendelee kwa Kiswahili.

Hatua ya pili: tunga maswali pamoja na majibu yake

Achana na maswali ya "jieleze kwa kifupi," "udhaifu wako ni upi" na "unajiona wapi baada ya miaka mitano." Majibu yake yamekaririwa nchi nzima na hayakuambii lolote kuhusu ghala lako. Swali linalofaa humtaka mtu asimulie jambo alilolifanya kweli, au humweka mbele ya tatizo ambalo kesho yake litamkuta kazini. Kwa nafasi ya mtunza ghala, swali moja ninalolipenda ni hili: "Mkulima amefika jioni na magunia 20 ya mahindi, kipima unyevu kinasoma asilimia 16, gari lililomleta limekwisha kuondoka, na mkulima huyo ni mjumbe wa bodi ya chama chetu. Utafanya nini?"

Kabla ya siku ya usaili, jopo liandike jibu la alama tano lina nini, la alama tatu lina nini na la alama moja ni lipi. Kwa swali hili, anayestahili alama tano anajua kwamba kiwango cha juu cha unyevu kwa mahindi ya kuhifadhi ni asilimia 13.5, hayachanganyi na mahindi makavu, anaandika alichokipima, anamtafutia mkulima sehemu ya kuyaweka kando hadi ayaanike, na anamjulisha msimamizi wake bila kujali cheo cha mwenye mzigo. Anayesema tu kwamba angeyakataa anapata tatu. Anayeyapokea kwa sababu ni ya mkubwa anapata moja. Kazi hii ya kuandika majibu inachosha, na wanajopo wengi huiruka, lakini bila hiyo kila mmoja atatoa alama kwa kipimo kilichomo moyoni mwake.

Maswali sita au saba yanatosha kwa dakika 40, na kila msailiwa aulizwe yaleyale kwa mpangilio uleule. Maswali ya kuchimba zaidi yanaruhusiwa, kama vile "ulifanyaje hapo?" au "wewe ulikuwa wapi wakati huo?"

Yapo maswali yasiyopaswa kuulizwa kabisa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila au mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri na hali ya VVU, na ulinzi huo unamfikia hata anayeomba kazi. Huku kwetu swali la "wewe ni mtu wa wapi?" hutoka mdomoni kama salamu, na mara nyingi anayeuliza hana nia mbaya. Hata hivyo msailiwa hajui nia yako, na jibu lake likishatoka hakuna mwanajopo anayeweza kulisahau. Kama unachotaka kujua ni iwapo ataweza kufika kazini saa moja asubuhi msimu wa mavuno, uliza hilohilo, na waulize wote, wanaume kwa wanawake.

Hatua ya tatu: teua jopo

Watu watatu wanatosha, na mmoja wao lazima awe anaijua kazi kwa mikono yake. Asiwepo mwanajopo mwenye ndugu, jirani wa karibu au mdaiwa miongoni mwa wasailiwa. Katika miji yetu hili hutokea sana, na dawa yake ni kila mmoja kusomewa orodha ya majina siku chache kabla na kujiondoa mapema bila aibu.

Hatua ya nne: waite watu kwa namna inayowawezesha kufika

Tuma ujumbe mfupi, kisha piga simu kuhakikisha umepokelewa, angalau siku saba kabla. Ujumbe utaje nafasi inayoombwa, tarehe, saa, jengo na alama inayojulikana iliyo karibu, vitu vya kuleta, muda utakaotumika, na kama kutakuwa na jaribio la vitendo. Hakuna siri yoyote inayopotea kwa kumwambia mtu kwamba atapima na kuandika leja. Atakuja na viatu vinavyofaa na miwani yake, basi.

Fikiria anakotoka. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na anayetoka Ludewa au Makete wakati wa masika hawezi kuahidi saa ya kufika. Ukimpangia saa mbili asubuhi umemlazimisha kulala gesti, na huenda nauli yenyewe ameikopa. Watu wa mbali wapangie baada ya saa tano, na wa mjini waanze. Katika usaili wa utumishi wa umma msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi, na hilo huandikwa wazi kwenye tangazo la kuitwa. Mwajiri binafsi hafungwi na utaratibu huo: mkishapata watu watano wa mwisho, kurudisha nauli ya watano ni gharama ndogo kuliko ya kuajiri asiyefaa kwa sababu anayefaa alikosa nauli. Mwezi wa sita na wa saba, Njombe na Uyole kunapokuwa na baridi kali, andaa pia mahali pa kusubiria palipofungwa na chai ya moto. Mtu aliyekaa barazani kwa muda wa saa mbili akipigwa na upepo huingia akitetemeka, na jopo huandika kwamba ana woga.

Hatua ya tano: dakika za mwanzo

Kijana wa huku akikuta watu wazima watatu ataanza na "shikamooni," na inafaa mwenyekiti aitikie "marahaba," amkaribishe kiti, amwulize habari za safari na asubiri jibu. Kisha awatambulishe wanajopo kwa majina na kazi zao, aeleze kwamba watauliza kwa zamu, kwamba watakuwa wakiandika ili wasisahau alichosema, na kwamba mwishoni atapewa nafasi ya kuuliza. Salamu ziwe za Kiswahili kwa wote. Mwenyekiti anayemwambia mmoja "kamwene" au "ugonile", salamu za lugha za huku, kwa furaha, halafu akampokea anayefuata kwa "karibu" tu, amekwisha kumwonyesha wa pili kwamba amekuja nyumba ya watu.

Panga viti kwa karibu, simu zizimwe, na ikiwezekana meza isiwe kama ya mahakama.

Hatua ya sita: kuuliza na kusikiliza

Hapa ndipo tulipomkosa yule binti. Katika malezi ya kwetu, kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu, na kujisifu kwa kazi iliyofanywa na wengi ni aibu kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa aliiendesha kazi nzima yeye mwenyewe na bado akasema "tuliifanya." Msaili asiyejua hili huandika kwamba msailiwa hakuwa na mchango wake binafsi. Anayejua huuliza kwa upole: "Nimekuelewa, mlikuwa wangapi? Wewe hasa ulishika nini siku hiyo?" Maswali hayo mawili, yakiulizwa bila haraka, yamewahi kunifungulia maelezo ya dakika kumi kutoka kwa mtu aliyekuwa akijibu kwa neno mojamoja. Upande wa pili, msimulizi mzuri ukimwuliza "hatua ya kwanza uliandika nini, kwenye kitabu gani?" ama atakupa jibu lenye safu za leja ndani yake, ama ataanza kuzunguka.

Vumilia kimya. Ukishauliza, hesabu polepole hadi kumi kabla ya kurudia swali au kumsaidia. Sisi wasaili hukiogopa kimya kuliko msailiwa, na tunapokivunja tunamkata mtu aliyekuwa anapanga mawazo yake. Mwanajopo mmoja aulize, mwingine aandike maneno kama yalivyosemwa, wa tatu asikilize tu, kisha wabadilishane. Andika alichosema na usiandike ulichohisi. "Alisema alilinganisha leja kila jioni saa kumi na moja na msimamizi akasaini" ni kumbukumbu inayoweza kujadiliwa baadaye, ilhali "anajiamini" haimsaidii yeyote.

Hatua ya saba: mpe kazi aifanye

Baada ya msimu ule wa hasara tulitangaza tena nafasi, na safari hii tuliweka magunia matatu, mizani ya kusimama, leja tupu na kalamu. Tulimpa kila msailiwa dakika 20 apokee mzigo huo kana kwamba umeletwa na mkulima. Wengi walipandisha gunia mara moja. Mama mmoja wa makamo, ambaye katika mazungumzo alikuwa wa kawaida sana, alisimama kwanza mbele ya mizani tupu, akainama, akaitazama sindano, akapangusa vumbi kwenye sahani, akaitazama tena. Ilikuwa inasoma nusu kilo bila kubeba kitu. Akairudisha kwenye sifuri ndipo akapandisha gunia la kwanza. Sisi wenyewe hatukuwa tumegundua kwamba mizani ilikuwa na hitilafu. Alipomaliza aliandika uzito wa kila gunia kwenye mstari wake, akajumlisha chini, akapiga mstari chini ya jumla, akatuomba mmoja wetu asaini kama mkabidhi.

Karibu kila kazi ina jaribio la namna hiyo. Karani wa SACCOS mpe vocha kumi, moja ikiwa na kosa la jumla. Mwalimu mpe dakika 15 afundishe wanafunzi halisi. Muuguzi, mwelekeze aonyeshe namna ya kumpokea mgonjwa dirishani. Dereva, bila shaka, aendeshe, na aanze kwa kulikagua gari. Jaribio liwe fupi, liwe sawa kwa wote, na lisiwe kazi halisi mnayoitumia bure: kumpa mhasibu afunge hesabu zenu za mwezi kwa jina la usaili ni dhuluma.

Msailiwa mwenye ulemavu aulizwe mapema anahitaji nini ili afanye jaribio sawasawa na wenzake, iwe ni mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa au chumba cha chini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu ya wenye ulemavu, na wengi wetu hatujafika hapo kwa sababu jengo letu la usaili tu lina ngazi.

Hatua ya nane: alama kwanza, mjadala baadaye

Msailiwa akitoka, kila mwanajopo ajaze karatasi yake kimya kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mwenyekiti akitangulia kusema "huyu safi," wengine watamfuata kwa heshima, na mtabaki na jopo la mtu mmoja. Mkishamaliza wote, linganisheni. Alama zikitofautiana kwa pointi moja, chukueni wastani. Zikitofautiana kwa mbili au zaidi, kila mmoja asome alichoandika, na mtaona kwamba mara nyingi mmoja hakusikia.

Hatua ya tisa: wadhamini, majibu na karatasi

Wapigie wadhamini wa wale wawili walioongoza, na uwaulize jambo mahususi: "Alikuwa akifunga leja kila siku au kila wiki? Alipokosea mara ya mwisho, alikwambia mwenyewe?" Kisha toa majibu kwa wote, hata waliokosa, katika muda mliouahidi. Mtu anayesubiri simu yako hukataa vibarua akidhani utaita kesho. Karatasi za usaili, nakala za vyeti na namba za vitambulisho ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo zifungiwe kabatini na ziharibiwe zisipohitajika. Nimewahi kukuta nakala za wasifu wa watu zikifungia maandazi, na iliniuma.

Kwa anayekwenda kusailiwa

Anza na nyaraka, wiki moja kabla. Kwa usaili unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma utatakiwa uwe na kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha taaluma, na hati za matokeo za muda hazipokelewi. Hakikisha majina yako yanafanana kwenye vyeti vyote na kitambulisho. Kama kuna herufi inayopishana, shughulikia hati ya kisheria ya majina mapema, maana siku ya usaili mlangoni hakuna atakayekusikiliza. Vyeti viweke kwenye bahasha ngumu ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua za Tukuyu hazina taarifa.

Baada ya hapo chukua daftari, uandike matukio sita ya kweli kutoka kazini, mafunzo kwa vitendo, shamba la familia, kwaya au kikundi cha vijana. Kwa kila tukio andika hali ilikuwaje, wewe ulipewa nini, ulifanya nini hatua kwa hatua, na mwisho ulikuwa upi, kwa idadi kama unaijua. Matukio hayo sita yatajibu maswali mengi utakayokutana nayo. Yasimulie kwa sauti mbele ya mtu, ukiwa umeketi kitini. Na kuhusu "tulifanya": si lazima uache adabu uliyolelewa nayo. Sema "tulikuwa watano, mimi nilishika mizani na leja." Hapo wenzako umewaheshimu na jopo limekuona.

Usipojua jibu, sema hujui na ueleze ungemwuliza nani au ungetazama wapi. Ukipewa jaribio, kagua kifaa kabla ya kukitumia. Ukiulizwa kuhusu mshahara, taja kiwango na uulize kama kinachozungumzwa ni kabla ya makato au ni cha kupokea mkononi. Mchango wa NSSF kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya nusu yake. Zamu yako ya kuuliza ikifika, usiseme huna swali. Uliza nani atakuwa msimamizi wako, miezi mitatu ya kwanza watapima nini, na majibu yatatoka lini.

Mtu yeyote akikuomba pesa ya "kuwezesha" au urafiki wa kimapenzi ili upate nafasi, hiyo ni rushwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Andika tarehe, saa na maneno aliyoyatumia, na ujumbe wake usiufute.

Jioni ya siku ya usaili, kabla hujalala, andika kwenye daftari lilelile maswali yote uliyoulizwa na ulichojibu. Yale yaliyokushinda mpelekee mtu anayeifanya kazi hiyo, awe wa Mwanjelwa, Mlandege au kijijini kwenu, akueleze yeye hufanyaje.